Ruleti: ni mchezo gani huu, na Uislamu unasemaje?



Nilipokuwa Same, baada ya sala ya Isha alinifuata kijana mkulima wa tangawizi kutoka Mamba Miamba. Fedha za mavuno alizichezea ruleti kwenye simu, zikaisha zote. Akaniuliza: "Sheikh, nikirudi nikacheza kwa hesabu nzuri, si nitazipata?" Simu kama yake wanazo pia watoto wetu wa Unguja na Pemba, ndiyo maana jibu langu naliweka hapa.

Ruleti ni neno la Kifaransa, maana yake gurudumu dogo. Mchezo huu ulianza Ufaransa katika karne ya 18. Gurudumu huzungushwa, gololi hutupwa ndani, na mchezaji huwa ameweka fedha juu ya namba au rangi.

Aina zake kubwa ni tatu. Ya Ulaya ina vishimo 37, yaani namba 1 hadi 36 na sifuri. Ya Marekani ina 38, kwa sababu ina sifuri mbili. Ipo na ya sifuri tatu, yenye 39. Katika zote, aliyepatia namba hulipwa mara 35 na kurudishiwa fedha aliyoweka.

Sasa tupige hesabu. Weka shilingi 1,000 juu ya kila namba ya ruleti ya Ulaya, umetoa 37,000. Namba moja lazima itoke, nawe utapewa 36,000. Umeshika namba zote na bado umepoteza 1,000! Ya Marekani itakula 2,000, ya sifuri tatu 3,000. Hiyo hesabu nzuri haipo.

Wengine husema mchezo una leseni. Kweli, Tanzania Bara ipo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya sheria ya mwaka 2003. Lakini leseni haiifanyi haramu kuwa halali. Kamari imekatazwa wazi katika Suratul Maidah, aya ya 90 na 91, ikatajwa pamoja na ulevi, kwa kuwa shetani huitumia kutia uadui baina ya watu na kuwazuia na sala.

Kijana nilimwambia atubie, aifute programu ile, amweleze mkewe ukweli, na hasara asiifukuze.

Nanyi wazazi, mtoto akikiri, msikilizeni kwanza kabla ya kumkaripia. Anayeogopa kukiri hurudi kucheza ili aifiche hasara.

Wallahu a'lam.