Gunia Moja, Lita Ngapi?

Mwenye kinu cha kusaga unga hapa Bunia akiniuliza anunue kifaa gani apunguze gharama ya nishati, nami humuuliza: gunia moja la mahindi linakula lita ngapi za mazutu? Wengi wanajua bei ya pipa, hesabu hiyo hawana. Asiye nayo huona kila anachouziwa kinamfaa.

Kituo cha umeme wa maji cha Budana, kwenye mto Shari, kilijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Lakini viwanda vidogo vya mji huu bado vinategemea sana jenereta. Lita moja ya mazutu ina nishati ya takriban kilowati-saa 10. Jenereta ndogo iliyopata mzigo wa kutosha hutoa kama 3. Ikibeba robo tu ya mzigo wake, bado hunywa kiasi cha theluthi ya mafuta ya mzigo kamili. Hapo ndipo pesa inapomwagika.

Mbona basi watu wananunua jenereta kubwa kuliko kazi yao? Ni kwa sababu ya mota. Ikiwashwa moja kwa moja, huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida, kwa sekunde chache tu. Jenereta ndogo hulemewa ikazima, mwenyewe anakwenda kutafuta kubwa, na sekunde hizo chache anazilipia mchana kutwa. Tena Bunia iko juu ya mita 1,200, na hewa nyepesi huipunguzia nguvu injini isiyo na turbo.

Kwa hiyo tuanzie kwenye kuwasha. Mota zisiwashwe kwa pamoja. Swichi ya nyota na pembetatu hushusha mkondo wa kuanzia hadi theluthi, ila nguvu ya kuzungusha nayo hushuka vivyo hivyo. Kinu kiwashwe kikiwa kitupu. Kifaa cha kubadili kasi ya mota ni ghali. Kwenye feni kinalipa, maana kasi ikipungua asilimia 20, nguvu inayohitajika hushuka karibu nusu. Kwenye kinu cha nyundo sikishauri: nyundo zikizunguka polepole hazisagi vizuri. Huko badilisha nyundo zilizochakaa, kaza mkanda uliolegea.

Sola naipenda, lakini ije baadaye. Andika kwanza kwenye daftari, mwezi mzima: lita zilizoingia, magunia yaliyosagwa, saa za jenereta. Rekebisha, kisha andika mwezi wa pili. Daftari hilo ndilo la kumpa fundi wa paneli.