Kiungo Bandia na Ushahidi wa Damu

Miongoni mwa neema ambazo elimu ya tiba imewaletea wanadamu ni upasuaji wa kuondoa nyonga au goti lililoharibika na kuweka kiungo bandia mahali pake. Mnamo mwaka 1962, katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, Daktari John Charnley aliikamilisha nyonga bandia ambayo imekuwa msingi wa kazi hiyo duniani kote. Hapa Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, imewawezesha wananchi kupata nchini mwao tiba ambayo zamani iliwalazimu wengi kuifuata ng’ambo. Kwa hili ni haki kujipongeza.

Lakini pongezi zisitusahaulishe jambo moja: kazi ya kiungo bandia haimaliziki siku nyuzi za mshono zinapotolewa. Siku chache baadaye mgonjwa hurejea kwao. Mmoja hupanda boti kuelekea Unguja au Pemba. Mwingine hupanda basi kwenda Morogoro, kisha Kilosa, mpaka Mamboya katika milima ya Ukaguru. Mamboya si jina geni katika historia ya pwani. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Saadani kwenda Mpwapwa ilipita huko. Mkaazi wa Mamboya hakuzungukwa na maji kama sisi wa visiwani, walakini masafa yaliyopo baina yake na daktari aliyempasua ndiyo bahari yake. Na huko nyumbani, mbali na daktari huyo, ndiko adui aghalabu anakojitokeza.

Adui huyo ni maambukizo ya bakteria. Hata katika nchi tajiri, mgonjwa mmoja au wawili katika kila mia hupata maambukizo kwenye nyonga au goti bandia. Bakteria hujishika juu ya chuma na plastiki, wakajifunika kwa utando ambao kinga ya mwili na dawa hupata taabu kuupenya. Wanaweza kujificha miezi, pengine miaka. Mgonjwa husikia maumivu, hununua vidonge vya antibiotiki dukani, akapata nafuu kidogo, kisha maumivu yakarudi kwa nguvu zaidi. Mwisho wa mchezo huo ni kung’olewa kiungo chote kwa upasuaji mzito, na mara nyingine kupoteza mguu au maisha.

Je, adui aliyejificha atajulikanaje? Hapo ndipo damu inapotoa ushahidi wake. Mwili unapopambana na bakteria, mfumo wa kugandisha damu nao huamka. Ini huzalisha kwa wingi protini iitwayo faibrinojeni, ambayo hugeuzwa kuwa nyuzi za faibrini, ndizo zinazolifanya donge la damu lishikamane. Kisha mwili huzikata nyuzi hizo, na vipande vyake, vinavyoitwa D-dima, huelea katika damu na vinaweza kupimwa. Bakteria nao wanazo hila zao. Yule aitwaye stafilokokasi oriasi, mmoja wa maadui wakubwa wa viungo bandia, hutoa kimeng’enya cha kugandisha damu, akajivika nyuzi zile kama ngao. Kwa hila hiyo hiyo wataalamu wa maabara humtambua: humtia katika kijaribio chenye maji ya damu, wakatazama kama yataganda.

Mwaka 2018 jopo la wataalamu wa kimataifa liliingiza kipimo cha D-dima katika vigezo vya kutambua maambukizo ya viungo bandia. Wengi walikipokea kwa furaha. Hata hivyo, tafiti zilizofuata hazikukubaliana juu ya thamani yake, na vigezo vilivyotolewa na wataalamu wa Ulaya mwaka 2021 havikukitegemea. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua. D-dima hupanda pia baada ya upasuaji wenyewe kwa wiki kadhaa, na katika ujauzito, uzee, saratani, na damu inapoganda katika mshipa wa mguu.

Kwetu sisi ipo sababu nyingine ya tahadhari, nayo ni ugonjwa wa selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nao. Ugonjwa huu huziba mishipa midogo na kukiua kichwa cha mfupa wa paja, hata kijana akahitaji nyonga bandia kabla ya wakati. Mgonjwa huyo aghalabu ana D-dima ya juu hata akiwa hana maambukizo yoyote. Anayefuata kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya wagonjwa wa Ulaya, bila kuuliza habari za selimundu, anaweza kumhukumu mgonjwa kwa ushahidi wa uongo.

Lakini msomaji asidhani kwamba ushahidi wa damu unapatikana katika mashine za mji mkuu tu. Kipo kipimo kikongwe, ESR, cha kutazama chembe nyekundu zinavyotuama katika bomba la kioo kwa muda wa saa moja. Kinachozifanya zituame upesi ni hasa ile ile faibrinojeni tuliyoitaja. Bomba hilo ni rahisi, na halihitaji mashine kubwa. Nacho kina mipaka: upungufu wa damu hukipandisha, na selimundu hukishusha kwa uongo. Kwa hiyo hutumika pamoja na kipimo cha CRP, ambacho baada ya upasuaji hushuka mapema zaidi, na pamoja na kuvuta maji ya kiungo na kuyaotesha maabara. Maji hayo ndiyo yanayotaja jina la adui, navyo vipimo vya damu ni vya kuamsha shaka tu.

Upo na upande wa pili wa kuganda kwa damu. Mgonjwa aliyepasuliwa nyonga, na hasa mwenye maambukizo, yumo katika hatari ya donge kuganda mguuni na kusafiri mpaka kwenye mapafu. Ndiyo maana hupewa dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa hiyo ikizidi, damu huvuja na kujaa katika jeraha, na damu iliyotuama humo ni chakula cha bakteria. Hapa panatakiwa kipimo sahihi na macho ya kufuatilia.

Ndugu viongozi, tunayoyaomba hayahitaji majumba mapya. Kila aliyewekewa kiungo bandia arudi kwao na kadi iliyoandikwa tarehe ya upasuaji, aina ya kiungo, dawa anazotumia, majibu ya vipimo vyake vya damu, na kama ana selimundu. Vituo vya afya vipewe vitendanishi vya ESR na CRP bila kukatika. Na wahudumu waagizwe kwamba nyonga au goti bandia linalouma, kuvimba au kutoa usaha lisitibiwe kwa antibiotiki ya kubahatisha kabla maji yake hayajachukuliwa, isipokuwa mgonjwa akiwa mahututi. Apewe rufaa upesi.

Nawe mwananchi, kama unacho kiungo hicho, maumivu mapya usiyafiche wala usiyanunulie vidonge dukani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu hujengwa kwa fedha nyingi, na pengine kwa mguu wako. Taifa limegharimika kuwapa watu wake miguu ya kutembelea. Ni wajibu wetu sote, Mamboya na visiwani, kuilinda.