Uhakiki rasmi wa saketi zisizokamilika
Uhakiki rasmi wa saketi zisizokamilika ni njia ya kihisabati ya kuchunguza kama saketi ya kidijitali inaweza kutimiza masharti yake hata kabla ya sehemu zake zote kusanifiwa. Sehemu ambayo bado haijasanifiwa huitwa sanduku jeusi: nyaya zinazoingia na kutoka zinajulikana, ila kilichomo ndani hakijulikani.

Kosa likichelewa kugunduliwa huwa ghali. Mwaka 1994 prosesa ya Pentium, ambayo tayari ilikuwa sokoni, ilionekana kukosea hesabu fulani za kugawanya kwa sababu jedwali lake la ndani lilikosa thamani kadhaa. Kampuni ya Intel ilitenga dola milioni 475 kwa ajili ya hasara hiyo.

Njia nyepesi ya uhakiki huongeza alama X, yaani "haijulikani", kwenye thamani 0 na 1. Kila waya unaotoka kwenye sanduku jeusi hupewa X. Lango la NA likipokea 0 na X hutoa 0, kwa kuwa X haiwezi kubadili jibu. Ikiwa masharti yanataka 1 mahali hapo, basi saketi ina kosa ambalo sanduku lolote haliwezi kulirekebisha.

Hata hivyo X husahau mambo. Chukua lango linalotoa 1 pale tu maingizo yake mawili yanapotofautiana. Waya mmoja wa sanduku jeusi ukigawanyika na kuingia pande zote mbili, jibu ni 0 daima, lakini hesabu ya X hutoa X. Kosa lililojificha hapo halionekani. Dawa yake ni kuupa kila waya jina lake, kama Z1 na Z2. Mwaka 2001 Christoph Scholl na Bernd Becker wa Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, walieleza mfululizo wa vipimo vya aina hii, kuanzia vyepesi hadi vilivyo makini zaidi.

Maswali mawili yasichanganywe. La kwanza: je, lipo angalau sanduku moja litakaloifanya saketi iwe sahihi? La pili: je, saketi itakuwa sahihi kwa sanduku lolote? Jibu la "hapana" kwa swali la kwanza ni la mwisho, na msanifu hana budi kurudi kwenye sehemu alizokwisha kuziunda. Kipimo chepesi kisipoona kosa, bado hakijathibitisha kitu.

Ugumu huongezeka sana masanduku yakiwa mengi na kila moja likiona maingizo yake tu, maana hakuna sanduku linaloruhusiwa kutegemea taarifa isiyolifikia.