Usingizi wa Dereva wa Lori

Wasikilizaji, leo twazungumza habari za madereva wa malori wapitao Singida wakichukua shehena kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, Rwanda na Burundi. Huenda mkulima wa Ikungi akauliza, "Usingizi wa dereva wanihusu nini?" Wakuhusu sana, bwana. Barabara hiyo ndiyo wapitayo watoto wako waendapo shule, na kando yake ndipo jirani zako wauzapo kuku na vitunguu.

Ninyi wanafunzi, tufanye hesabu. Kutoka Dar es Salaam hata Singida ni kilomita 700 hivi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1979 wataka dereva asiendeshe zaidi ya saa 9 kwa siku, wala saa 4 mfululizo pasipo kupumzika. Gawanyeni 700 kwa 9, mtapata karibu 78. Nayo sheria ya Tanzania yakataza lori zito kupita mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na penye makazi ya watu, 50. Basi dereva aahidiye kufika Singida kabla ya kulala, hana budi kuvunja sheria ya mwendo au kujiibia usingizi wake mwenyewe. Afadhali alale Dodoma.

Usingizi haubishi hodi. Lori liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa nukta moja. Dereva akisinzia nukta nne tu, limekwenda karibu mita 90 bila mwongozaji. Hatari huzidi baina ya saa 6 usiku na alfajiri, na tena alasiri baada ya chakula. Kahawa na upepo wa dirishani huufukuza usingizi kwa kitambo kidogo. Tiba yake ni kulala.

Wazee wetu waliyajua haya. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi ilivuka pori la Mgunda Mkali, magharibi ya Ugogo. Desturi yao ilikuwa kuondoka mapema asubuhi na kutua mizigo kabla jua halijawa kali. Palipokosekana maji ndipo walipofanya tirikeza, yaani kwenda tena alasiri. Lakini hilo lilikuwa jambo la dharura. Mpagazi alipochoka, miguu ilimwambia. Dereva ameketi kitini, miguu haimwambii neno. Hivyo yampasa kuiuliza saa.

Tena, saa za kupakia mizigo na kungoja nazo ni kazi, zihesabiwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kwa kawaida yampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo baina ya kazi ya leo na ya kesho.

Matajiri wenye magari nao wakumbuke: shehena iliyochelewa siku moja hufika; iliyopinduka katika mteremko wa Sekenke haifiki, na pengine dereva na utingo wake hawarudi.