Mashujaa Wanapokutana: Kisa Mtambuka, Utata Wake na Msomaji wa Bukavu

Utangulizi

Katika hadithi za picha za Marekani kuna desturi ya kuwakusanya mashujaa wa mifululizo mbalimbali, kila mmoja akiwa na maisha yake, maadui wake na wasomaji wake, na kuwatia wote katika kisa kimoja kikubwa. Kiswahili bado hakijapata jina moja lililokubaliwa la desturi hiyo. Katika makala haya itaitwa "kisa mtambuka", kwa kuwa neno "mtambuka" limekwisha kuzoeleka kwa mambo yanayovuka mipaka ya fani moja.

Visa vya namna hii huzusha ubishi mkali miongoni mwa wapenzi wa katuni, hasa pale vinapokuwa na giza na kuvurugika. Wako wasemao kwamba kisa kisichoeleweka ni kibovu. Wako pia wasemao kwamba asiyekielewa hakusoma vya kutosha. Ubishi huo waweza kudhaniwa kuwa ni jambo la burudani tu. Hata hivyo, ndani yake mna swali la siku nyingi katika taaluma ya fasihi: hadhira inapaswa kujua nini kabla ya kuikabili matini, na ikishindwa kuielewa, lawama ni ya nani? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa mifano mitatu: kisa mtambuka kimoja cha Marekani, utendi wa Mwindo wa Wanyanga, na kitabu cha katuni ambacho kisa chake kinafika Bukavu kwenyewe.

Chimbuko la kisa mtambuka

Superman alianza kuchapishwa mwaka 1938. Kadiri miaka ilivyopita, shirika la DC lilijikuta na mamia ya wahusika na maelfu ya matoleo yaliyopingana. Ili kuusawazisha mgongano huo, watunzi walibuni dunia nyingi zinazokwenda sambamba, kila moja na mashujaa wake. Nazo dunia zilipozidi kuwa nyingi, zikawa tatizo jipya. Ndipo Marv Wolfman na George Pérez walipotoa Crisis on Infinite Earths, matoleo 12 ya mwaka 1985 na 1986, ambamo dunia hizo ziliangamizwa na kuunganishwa kuwa moja.

Yafaa kutambua kwamba kisa hicho kilizaliwa na haja ya kuweka mambo sawa. Lakini kila usafi wa namna hiyo huacha takataka yake. Mhusika aliyefutwa ana wapenzi wake, na wapenzi hao humkumbuka. Kwa hiyo kilifuata kisa cha pili mwaka 2005 na 2006, kisha cha tatu, ambacho ndicho kilichozua ubishi mkubwa kuliko vyote.

Final Crisis na pande mbili za ubishi

Final Crisis ilitungwa na Grant Morrison na kutolewa kwa matoleo saba kati ya Mei 2008 na Januari 2009. Adui mkuu ni Darkseid, aliyebuniwa na Jack Kirby mwaka 1970. Shabaha yake si kuibomoa miji, bali kuifuta hiari ya binadamu. Silaha yake ni mlinganyo unaopinga uhai: ukishasambazwa kwa mitambo ya mawasiliano, wanaoupokea hugeuka watumwa wasio na nafsi. Katika sehemu kubwa ya kisa, ubaya umekwisha kushinda, na mashujaa waliosalia wanapigana kama watu waliochelewa. Batman, ambaye msimamo wake wa miaka mingi ni kutotumia bunduki, anampiga Darkseid risasi, naye anaonekana kufa.

Wanaokilaumu kisa hiki wana hoja tatu. Kwanza, matukio yamekatwakatwa. Mambo makubwa hutokea nje ya picha, na msomaji huonyeshwa matokeo yake tu. Toleo la saba halifuati hata mpangilio wa wakati. Pili, adui wa mwisho, Mandrakk, anajitokeza katika toleo hilo la saba ilhali habari zake zimeelezwa katika kijitabu cha kando, Superman Beyond. Aliyenunua matoleo saba peke yake anakutana na mgeni asiyemjua katika kurasa za mwisho. Tatu, mifululizo mingine iliyotolewa 2007 na 2008 ili kumwandaa msomaji inapingana na kisa chenyewe. Wahusika waliokwisha kuuawa kule wanaonekana hapa kana kwamba hayo hayakutokea.

Wanaokitetea hujibu kwamba vurugu hiyo ni sehemu ya maana. Ikiwa dunia inavunjika na wakati wenyewe unaanguka, si haki kudai masimulizi yaendelee kwa utulivu. Kuhusu bunduki ya Batman, husema kwamba uzito wa kitendo hicho unatokana na kule kujua kwamba hajawahi kukikubali. Kuhusu giza, hukumbusha kwamba kisa hakiishii humo: Darkseid hatimaye anaangamizwa kwa sauti ya Superman, si kwa ngumi zake.

Ukizipima hoja za pande zote mbili, utaona kwamba zinaliita kwa jina moja jambo ambalo kwa hakika ni mambo matatu. Uko utata wa kutojua, unaoondoka pindi msomaji anapopewa habari inayokosekana. Mandrakk ni mfano wake. Uko utata wa makusudi, ambao hauondoki kwa kuongezewa habari, kwa kuwa mtunzi ameutia ili msomaji auhisi; mpangilio uliovunjika wa toleo la saba ni wa aina hiyo. Na iko kasoro, yaani kupingana kwa matini kulikotokana na watunzi wasioafikiana. Mtetezi anayeiita kasoro kuwa ni ufundi anakosea, sawa na mlaumu anayeuita ufundi kuwa ni kasoro. Sehemu kubwa ya ubishi haimaliziki kwa sababu mmoja huzungumzia aina ya kwanza na mwenziwe humjibu kwa aina ya pili.

Mwindo: mkutano wa nguvu katika fasihi simulizi ya Kivu

Ingekuwa kosa kudhani kwamba kukutana kwa mashujaa ni uvumbuzi wa wachapishaji wa New York. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck alirekodi utendi wa Mwindo kutoka kwa fanani Shé-kárisi Candi Rureke, Mnyanga wa upande wa Walikale, katika eneo ambalo leo ni Kivu ya Kaskazini. Matini hiyo, iliyotayarishwa pamoja na mwanaisimu Kahombo Mateene, ilichapishwa mwaka 1969.

Mwindo anazaliwa kinyume cha amri ya baba yake, chifu Shemwindo wa Tubondo, ambaye hakutaka mtoto wa kiume. Anatoka kupitia kidole cha mama yake, akiwa tayari anasema na kutembea, na usinga wake mkononi. Baba anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Kutoka hapo kisa kinakuwa mfululizo wa makutano. Anakutana na Mukiti, nyoka mkuu wa majini, aliyemwoa shangazi yake Iyangura. Anashuka kuzimu akimfuata baba yake, na huko anapambana na Muisa, huku akisaidiwa na Kahindo, binti wa Muisa. Anacheza kamari na Sheburungu. Anasaidiwa na Nkuba, yaani Radi, na baadaye Nkuba huyohuyo anamwadhibu kwa kumchukua angani, kwa sababu Mwindo amemuua zimwi Kirimu, ambaye Radi ana undugu naye. Angani anateswa na baridi na joto, naye anarudi akiwa chifu mwenye kiasi.

Nguvu hizo hazikubuniwa kwa ajili ya utendi huu. Nkuba, Muisa na Kahindo wana nafasi yao katika imani za Wanyanga. Zinapoingia katika kisa cha Mwindo, msikilizaji wa Kinyanga huja akiwa anazifahamu tayari, ilhali mgeni huhitaji maelezo ya chini ya ukurasa, na kwa kweli toleo la 1969 limejaa maelezo ya namna hiyo. Kwa maana hiyo, utendi wa Mwindo nao ni kisa mtambuka.

Yako mambo mawili zaidi yanayohusu hoja yetu. La kwanza ni kwamba, kwa kawaida, utendi huu haukuwa ukisimuliwa wote kwa mfululizo mmoja. Fanani alichagua sehemu, na Rureke aliombwa kuusimulia mzima kwa ajili ya watafiti. Kupokea vipande, basi, kulikuwa ndiyo hali ya kawaida ya hadhira. La pili ni kwamba hapana Mwindo mmoja. Mwaka 1978 Biebuyck alichapisha masimulizi mengine ambamo shujaa huyohuyo anaonekana kwa sura tofauti. Kwa mchapishaji wa Marekani, tofauti kama hizo zingekuwa mgongano wa kusawazishwa kwa kuangamiza dunia kadhaa. Kwa hadhira ya fasihi simulizi, ni mafanani tofauti tu, kila mmoja na usemi wake.

Hapa ndipo tofauti kubwa inapojitokeza. Fanani yupo mbele ya hadhira yake. Anaweza kuulizwa na anaweza kurudia. Karatasi iliyochapishwa haijibu. Wapenzi wa katuni wanapokusanyika kubishana, kukumbushana toleo fulani na kufasiriana picha fulani, wanaijaza nafasi hiyo iliyoachwa wazi. Ubishi wao ni kazi ya fanani iliyogawanywa kwa watu wengi.

Msomaji wa Bukavu na kitabu kiitwacho Kivu

Katuni si jambo geni nchini Kongo. Jarida la Jeunes pour Jeunes, lililoanza Kinshasa mwaka 1968, lilikuwa na mashujaa wake kama Apolosa, na michoro ya Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, imevuka mipaka ya nchi. Lakini kwa msomaji wa Bukavu kuna suala la lugha. Katuni nyingi zilizochapishwa humfikia kwa Kifaransa. Mazungumzo juu yake hufanyika kwa Kiswahili cha mjini, pengine kikichanganywa na Kimashi au Kilega. Kwa hiyo hata kabla ya kufika kwenye mlinganyo wa Darkseid, amekwisha kuvuka mpaka mmoja. Anapokosa matoleo ya miaka 70 yaliyotangulia, utata unaomkabili ni ule wa kutojua, wala si upungufu wa akili yake au wa mtunzi.

Hali hii inageuka kabisa mbele ya kitabu Kivu, kilichotungwa na Jean Van Hamme na kuchorwa na Christophe Simon, na kuchapishwa na Le Lombard mwaka 2018. Ni katuni ya giza. Mhandisi kijana kutoka Ulaya anatumwa Kivu na kampuni ya kimataifa inayotaka koltani, anakutana na ukatili wa makundi yenye silaha, na njia yake inavukana na ya Daktari Denis Mukwege wa Hospitali ya Panzi, Bukavu. Mukwege si mhusika wa kubuni. Alizaliwa Bukavu mwaka 1955, Panzi ilianzishwa 1999, na mwezi Oktoba 2018 alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Amani pamoja na Nadia Murad. Kwa hiyo kitabu hiki kinawakutanisha shujaa wa kubuni na mtu halisi katika kisa kimoja. Hiyo nayo ni aina ya kisa mtambuka, tena yenye uzito kuliko nyingine zote.

Safari hii anayehitaji maelezo ni msomaji wa Brussels au Paris. "Matoleo yaliyotangulia" ni historia ya Kivu tangu vita vya 1996, na mwenye kuyajua ni mkazi wa Bukavu. Yeye hahitaji kuelezwa Panzi ni nini. Anaweza kuuliza maswali ambayo msomaji wa mbali huenda asiyaone: kwa nini masaibu ya mahali hapa yafunuliwe kupitia macho ya kijana mgeni? Mgonjwa katika kisa hiki ni mtu kamili au ni ushahidi tu wa ubaya? Je, giza lililochorwa linamsaidia msomaji kuelewa chanzo cha mateso, au linamwachia huruma ambayo haimdai chochote?

Maswali hayo yanafanana kwa umbo na yale ya wapenzi wa Final Crisis. Tofauti ni kwamba katika Final Crisis utumwa wa hiari ni sitiari, na Batman alirudishwa katika matoleo ya 2010. Katika Kivu hapana toleo linalofuata la kuwarudisha waliokufa. Ndiyo maana kipimo cha giza katika fasihi hakiwezi kuwa wingi wake. Kipimo ni kile ambacho giza hilo linamwezesha msomaji kukiona.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba utata wa kisa mtambuka ni wa aina tatu, na kwamba ubishi wenye manufaa huanza kwa kuzitenganisha. Imeonyeshwa vilevile kwamba hadhira za Kivu zilizoea kukutana kwa mashujaa na nguvu nyingi katika utendi mmoja, kwa vipande na kwa masimulizi yanayotofautiana, bila kuona haya kuwa dosari.

Linalobaki ni jukumu la wanafunzi na walimu wa Kiswahili. Majadiliano juu ya katuni yanayofanyika kwa Kiswahili, Bukavu na kwingineko, ni uhakiki wa fasihi ulio katika hali ya usemi. Yasipokusanywa, kitakachosalia katika maktaba ni yale tu yaliyoandikwa kwa lugha za mbali, na hata kitabu chenye jina la Kivu kitaendelea kufasiriwa na wale ambao hawakusoma matoleo yake yaliyotangulia. Rureke alikuwa na mtu wa kumrekodi kwa siku kadhaa. Msomaji wa Bukavu anayekifunga kitabu hicho na kuanza kubishana na mwenzake naye anastahili kusikilizwa.