KAZI ZA MIKONO: VIDANI VYA PICHA KWA KARATASI NA RESINI
Maelezo kwa wale wanaoanza



Wengi wenu mmewauliza watumishi wa jamii namna ya kutengeneza vile vidani vyenye picha ndani, vinavyong'aa kama kioo. Kazi hii si ngumu. Mtu anayejua kukata kwa mkasi na kupima dawa kwa uangalifu anaweza kuifanya. Lakini ina mambo matatu yanayowapotezea watu mali: picha isiyozibwa, kipimo cha kukisia, na haraka. Tutayaeleza moja baada ya jingine.

Kabla ya yote, shikeni sheria hii: USITUMIE PICHA HALISI. TUMIA NAKALA.

Kwa nini tunasema hivyo

Mimi niliyeandika karatasi hii nilijifunza kwa kosa langu mwenyewe. Mwaka 2023 nilikuwa nimekwisha tengeneza vidani kama kumi vya maua na ndege, nikajiona fundi. Mama mmoja kutoka Kivu akaniletea picha ya marehemu mume wake. Ilikuwa picha ndogo, imechapwa kwenye karatasi nyepesi, na nyuma yake kulikuwa na jina na tarehe kwa kalamu. Aliikimbia nayo ndani ya kitenge. Hakuwa na nyingine.

Niliikata mviringo, nikaibandika, nikamwaga resini juu yake. Sikuiziba kwanza. Kesho yake karatasi ilikuwa imekunywa resini, imekuwa nyeusi kama karatasi iliyolowa mafuta, na yale maandishi ya nyuma yametokea mbele, juu ya uso. Mama aliitazama muda mrefu, akaniuliza: "Mwanangu, uso wake umekwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Resini ikishaganda haitoki, na picha haiwezi kutolewa ndani yake.

Resini ikiharibika unaweza kununua nyingine. Picha ya mtu aliyekufa, au ya mtoto aliyepotea njiani, hainunuliwi. Kwa hiyo ukiletewa picha, usiipokee ikae kwako. Nenda na mwenyewe mpaka kwenye duka la fotokopi, mtoe nakala 2 au 3, halafu arudi nyumbani na picha yake siku ile ile. Ikiwa duka ni mbali, ipigeni kwa simu kwenye mwanga mzuri, mkachapishe baadaye.

Tena, mtu asikate picha iliyo kwenye kitambulisho, kwenye karatasi ya familia au kwenye cheti cha shule. Karatasi iliyokatwa inaweza kukuletea taabu siku ya uhakiki.

Resini ni kitu gani?

Ni dawa nzito kama asali ambayo, ikichanganywa na dawa ya pili, inaganda na kuwa ngumu. Dawa ya pili mafundi wa magari wanaiita hadina. Madukani mtakuta aina 2:

1. Epoksi. Chupa 2, resini na hadina. Harufu yake si kali sana. Hii ndiyo ya kuanzia.

2. Poliesta. Hii ni ya mafundi wanaotengeneza mitumbwi na kuziba magari. Inagandishwa kwa matone machache tu ya dawa kali inayoweza kuharibu macho. Harufu yake inaumiza kichwa, tena inashika moto upesi. Anayeanza asiiguse.

Mwulize mwenye duka, na usome chupa mwenyewe. Kama karatasi ya maelezo imetoka kwenye chupa, usinunue, kwa sababu hutajua kipimo.

Vitu vinavyohitajika

– Vifuniko vya chupa za soda. Vinatupwa kila siku kwenye maduka na mabaa. Chagua visivyopindika.
– Nakala ya picha.
– Gundi nyeupe ya seremala na brashi ndogo.
– Epoksi na hadina yake.
– Mabomba 2 ya sindano, mapya, bila sindano. Moja la resini, jingine la hadina. Yasibadilishane.
– Vikombe 2 vya plastiki visivyotumika tena kwa kunywa, na kijiti cha kukorogea.
– Glavu. Zile za nitrili ni bora kuliko mifuko ya plastiki.
– Msumari mwembamba, waya laini au uzi, msasa, na boksi la karatasi la kufunikia.

Picha ipi inafaa?

Picha iliyotolewa kwa mashine ya fotokopi au kwa printa ya unga inafaa. Iliyochapwa kwa printa ya wino wa maji haifai kwa anayeanza, maana gundi ikiigusa wino unatiririka. Jaribu kwanza: lowesha kidole, gusa pembeni ya nakala. Rangi ikishika kidole, tafuta mashine nyingine.

Picha za magazeti na za kalenda ya zamani pia zinafaa, lakini ziinue kwanza kwenye mwanga. Ukiona maandishi ya upande wa pili, yataonekana pia ndani ya kidani. Ibandike kwanza juu ya karatasi nyeupe nzito. Vipande vya kitenge cha karatasi, ramani, majani yaliyochorwa na mtoto, vyote vinaweza kutumika.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

1. Osha vifuniko kwa maji ya moto na sabuni. Ile plastiki ya ndani, ukiweza, ing'oe ikiwa bado ina joto. Isipotoka, ikwaruze kwa msasa ili gundi ishike. Kausha kabisa. Tone moja la maji linatosha kuharibu resini.

2. Toboa tundu kwa msumari kwenye ukuta wa kifuniko, karibu na ukingo wa juu, ili resini isifike hapo.

3. Kata picha mviringo wenye upana wa milimita 25. Ndiyo nafasi ya ndani ya kifuniko cha soda. Uso wa mtu ukae katikati.

4. ZIBA KARATASI. Paka gundi nyeupe nyuma, mbele na kwenye kingo zote. Kingo ndizo zinazosahauliwa, na ndizo resini inapoingilia. Ngoja saa 1, paka tena. Gundi ikikauka haiwi nyeupe tena, inaonekana kama maji. Acha usiku mzima. Asubuhi ibandike ndani ya kifuniko kwa gundi ile ile, ikandamize hewa itoke, iache ikauke tena.

5. Panga vifuniko kwenye ubao ulionyooka. Kama huna chombo cha kupimia, laza chupa yenye maji nusu juu ya ubao. Maji yakikaa sawa pande zote, ubao uko sawa.

6. Pima. Chupa nyingine zinasema 1 kwa 1, nyingine 2 kwa 1. Fuata chupa yako. Kifuniko kimoja kinakunywa kama mililita 2, kwa hiyo mililita 30 zinatosha vifuniko 12 hivi, ukihesabu na ile inayobaki kwenye kikombe. Wengine wanaongeza hadina wakidhani itaganda upesi. Si kweli. Hadina ikizidi au ikipungua, kidani kinaweza kubaki kinanata.

7. Koroga polepole dakika 3, ukikwangua kando na chini ya kikombe. Hamishia kwenye kikombe cha pili, koroga dakika 1 tena. Ukikoroga kwa nguvu unaingiza mapovu.

8. Mimina kidogo kidogo, kuanzia katikati. Resini itajisambaza yenyewe. Mapovu yatoboe kwa kijiti cha meno. Usitumie moto, hasa ndani ya hema au nyumba ya nyasi.

9. Funika kwa boksi ili vumbi na nzi wasiingie. Usiguse kwa saa 24. Ugumu kamili unafika baada ya siku 3 hivi, na usiku ukiwa wa baridi unachelewa zaidi. Mtu akija na haraka ya sherehe, mwambie ukweli.

Usichanganye resini nyingi kwa mara moja. Ikibaki nyingi ndani ya kikombe inajipasha moto yenyewe, hata kutoa moshi. Iliyobaki imwage ikiwa nyembamba juu ya kipande cha plastiki, nje, iache igande, ndipo uitupe. Usiimwage karibu na bomba la maji wala shambani.

Afya yako

Resini iliyoganda vizuri haina shida kuvaa. Hatari iko wakati bado ni maji.

– Hadina ikigusa ngozi mara nyingi inaleta mwasho na vipele. Kuna watu mwili wao unaikataa tangu hapo, na hali hiyo inaweza kubaki maisha yote. Vaa glavu kila siku, hata kwa kidani kimoja.
– Ikikugusa, osha kwa maji na sabuni. Usioshe kwa petroli wala thina, maana vinaisaidia kuingia ndani ya ngozi.
– Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi dakika 15, kisha nenda kituo cha afya na chupa yako mkononi.
– Fanya kazi nje, kwenye kivuli, si ndani mnamolala au kupika. Watoto na akina mama wajawazito wakae mbali.
– Ukisugua kwa msasa, lowesha kwanza kwa maji ili usivute vumbi lake.
– Usipake resini hii kwenye vikombe wala sahani za chakula. Vidani vidogo wasipewe watoto wachanga, wanavimeza.

Na pesa je?

Usianze kwa mkopo, wala kwa pesa ya chakula. Resini ni ghali kuliko inavyoonekana, kwa sababu ya kwanza karibu kila mtu anaiharibu. Ni afadhali watu 5 au 6 wachange, wanunue chupa ndogo, wajaribu vifuniko 3 tu kwanza.

Kabla ya kutaja bei, andika kwenye daftari gharama zote: resini, glavu, fotokopi, gundi, waya na nauli. Gawanya kwa idadi ya vidani vilivyotoka VIZURI, si vyote ulivyomimina. Tuseme umetumia shilingi 36,000 na vizuri ni 9. Kila kimoja kimekugharimu shilingi 4,000 kabla ya kazi ya mikono yako. Ukikiuza 3,500 unadhani umepata, kumbe umewalipa wateja wakuchukulie mali yako.

Kama resini haipatikani

Hapa Uganda vikundi vingi vya akina mama vimefanya kazi nzuri na kitu rahisi zaidi: shanga za karatasi. Kata karatasi ya rangi kuwa vipande virefu vya pembetatu, chini sentimita 2, urefu sentimita 25 au 30. Anza na upande mpana, uviringishe kwenye sindano nene au kijiti cha ufagio, na ncha uibandike kwa gundi. Paka vanishi isiyo na rangi mara 2 au 3, ukiacha ikauke kila mara. Shanga hizo zimeuzwa mpaka Ulaya na Marekani. Vifaa vyake ni karatasi iliyotupwa, gundi na mkebe mdogo wa vanishi.

Vanishi hiyo inaweza kufunika picha kwenye kifuniko pia, lakini kwa tabaka nyembamba nyingi, siku kwa siku. Ukiimwaga nene, juu inakauka na chini inabaki maji.

Mwisho

Yule mama hakunikasirikia. Lakini kila nikikutana naye kwenye foleni nakumbuka. Baada ya miezi, ndugu yake aliyeko nchi nyingine alimtumia kwenye simu picha ya harusi ambamo mumewe anaonekana kwa mbali, amesimama nyuma ya watu. Tulikwenda pamoja dukani, tukaikuza, tukatoa nakala 3. Nilijaribu kwanza na moja peke yake. Ya pili nikaiziba mara mbili, kingo zote, nikangoja siku 3. Uso ni mdogo na si wazi sana, lakini anakivaa.

Nakala ya tatu anayo mwenyewe, ndani ya bahasha. Ninyi pia, msimalize nakala zote kwenye kazi. Moja ibaki.

Mwenye swali amwone mtumishi wa jamii wa kijiji chake. Mkisha soma karatasi hii, mpeni jirani, na asiyejua kusoma asomewe.