Je, wajua? Swichi nayo huuliza shufwa au witiri

Wenye ofisi wengi, kuanzia Shinyanga mjini hadi Katoro, wameuziwa maneno haya: funga nyaya mbili kati ya swichi na swichi, kasi inakuwa mara mbili. Nimechoka kuyasikia. Faili moja likitoka kwenye kompyuta moja kwenda kwenye seva moja hupita waya mmoja tu, hata kama umefunga nyaya nane. Lori la Isaka likikuta barabara mbili halikatwi katikati ili kila kipande kipite yake. Pakiti za safari moja zikigawanywa zitafika zimepishana, na kuzipanga upya ni kazi inayokula kasi ile ile uliyoitafuta. Faida ya nyaya nyingi huonekana watu wakiwa wengi, kila mmoja na safari yake.

Sasa swichi inajuaje nani apite wapi? Haiangalii waya upi umelemewa. Inapiga hesabu fupi juu ya anwani ya anayetuma na ya anayepokea. Penye nyaya mbili, baadhi ya swichi huishia kwenye swali dogo sana: je, namba za mwisho za anwani hizi mbili ni shufwa zote au witiri zote? Zikifanana, waya wa kwanza. Zikitofautiana, wa pili. Kompyuta inayoishia 12 ikiita seva inayoishia 20 inapita wa kwanza, na ya 11 inapita wa pili, leo na kesho.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonikuta katika ofisi moja mjini Kahama. "Fundi, mimi napata mfumo, huyu jirani yangu hapati, na tumekaa meza moja," aliniambia dada wa uhasibu. Walikuwa wamekwisha kununua kompyuta mpya. Ikapewa anwani ile ile ya zamani, nayo ikagoma. Nilipoziandika anwani zote kwenye karatasi, zilizokuwa zinafanya kazi zilikuwa 10, 12, 14 na 18. Zilizogoma: 11, 13, 17. Seva ilikuwa 20. Kabla sijafungua kabati nilijua waya wa pili umekufa.

Lakini taa zake zote zilikuwa za kijani. Hapo ndipo penye mtego. Kati ya majengo mawili palikuwa na faiba, na kila upande viboksi vya kugeuza mwanga kuwa umeme. Faiba ya waya wa pili ilikuwa imekatwa na jembe chini ya ukuta. Swichi ilikuwa inaongea na kiboksi kilicho jirani yake, kiboksi kizima chenye umeme wake, ikaridhika. Ikaendelea kutupa nusu ya ofisi shimoni bila kulalamika.

Dawa ipo tangu mwaka 2000, mwaka ule ule mgodi wa GGM ulipoanza uzalishaji Geita. Ni itifaki ya LACP, iliyotoka kama kanuni ya IEEE 802.3ad na kuhamishiwa 802.1AX mwaka 2008. Swichi mbili husalimiana kupitia kila waya, ama kila sekunde moja ama kila sekunde 30. Salamu tatu zikikosekana, waya huo unatolewa kundini hata taa yake ikiwaka. Pale ofisini fundi aliyetangulia aliona salamu ni usumbufu, akafunga nyaya kwa lazima, bila itifaki. Kosa la pili nalikuta mara nyingi zaidi: pande zote mbili zimewekwa kungoja kusalimiwa, kama wakwe wawili walionuniana. Kundi haliundwi kamwe. Ukizichomeka nyaya mbili bila kuziunganisha kabisa, swichi zenye kinga ya mizunguko aliyoibuni mhandisi Radia Perlman mwaka 1985 zitaufunga mmoja. Zisizo na kinga zitazungusha ujumbe hadi mtandao uzimie.

Na kwa nini tunaendelea kuvuta waya wa shaba kutoka jengo hadi jengo katika Kanda ya Ziwa, na radi zetu hizi? Faiba ni kioo, haipitishi umeme wa radi. Shaba inaupeleka moja kwa moja kwenye swichi. Kila masika naona swichi zilizoungua zikirundikwa nyuma ya stoo, na nyaya zikichomwa moto na wauza chakavu ili wapate shaba, watoto wakivuta moshi wa plastiki. Na kabati za swichi zenyewe zimejaa vumbi jekundu, hakuna waya wenye lebo, na neno la siri aliondoka nalo fundi wa miaka minne iliyopita.

Nyaya hizi zilizofungwa pamoja utazikuta kwenye kamera za migodini, seva za hospitali, matawi ya benki, vyuo, chelezo za usiku, popote pasipotakiwa kulala gizani.

Basi ukijengewa mtandao wa namna hii, usimlipe fundi kwa kuonyeshwa taa za kijani. Mwambie achomoe faiba moja, si pale kwenye swichi, bali nyuma ya kiboksi ambako taa ya swichi haitazimika. Kisha kaa kwenye kompyuta ya witiri na ya shufwa, uhesabu sekunde 90. Zote mbili zikirudi hewani, mlipe.